Shavu la Kivuli

Mashine za kusaga ninazo mbili, moja mtaa wa Kizwite na nyingine mtaa wa Izia, na zote nimezipata kwa jasho langu mwenyewe. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililisoma siku zile tu ambazo ng'ombe walikuwa na mwingine wa kuwachunga. Nasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyekwenda kukaa benchi moja na vijana wa miaka ishirini kujifunza kupiga picha za sura. Sikwenda kwa kukosa kazi. Nilikuwa nimenunua kamera ya maana, ambayo hapa Sumbawanga wenye nayo ni wachache, lakini kila niliyempiga alitoka kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Mwalimu alikuwa binti kutoka Mbeya, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alipanga chumba karibu na soko akatangaza mafunzo ya wiki sita. Siku ya kwanza aliichomoa fleshi juu ya kamera yangu, akanikabidhi mkononi.

"Hii weka kwenye begi, mzee wangu. Dirisha tunalo."

"Mwalimu, hiyo ndiyo iliyonigharimu."

"Najua. Weka kwenye begi."

Vijana walicheka. Mimi sijazoea kuchekwa, lakini nilikaa. Alimketisha mmoja wetu kwenye kiti kando ya dirisha, akawa anakizungusha kile kiti kidogo kidogo, sisi tunatazama. Uso wa yule kijana ulikuwa unabadilika kama wa watu watano tofauti. Akielekea dirishani, uso bapa kama sahani. Akigeuka ubavu, shavu moja linawaka, la pili linazama, pua inapata mgongo, macho yanapata shimo. Nilikuwa nimeishi na madirisha maisha yangu yote na sikuwahi kuliona hilo. Mwalimu akasema kivuli tusikiogope, kwa sababu ndicho kinachoupa uso umbo. Na tukitaka kukipunguza, tushike kitu cheupe upande wa pili, kirudishe mwanga.

Kesho yake nilileta viroba vyeupe kutoka mashineni, darasa zima likatumia vya kwangu. "Bosi, kiroba chako kina unga bado," kijana mmoja akaniambia, "tunapiga picha za watu wanaopiga chafya." Lakini walivitumia mpaka mwisho. Na katika wiki nne, nisiseme uongo, niliwaacha wengi. Mtu aliyejifunza kufungua injini ya mashine bila kuonyeshwa na fundi, kiti na dirisha havimshindi.

Kazi ya mwisho ilikuwa picha moja tu, ya mtu tunayemjua. "Nataka nimwone mtu," mwalimu alisema, "suti yake sina haja nayo." Siku hiyohiyo nilijua nitampiga nani.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenilea baba alipofariki. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na tisa. Ndiye aliyenifundisha kushika plau nyuma ya maksai, na ndiye aliyeuza mmoja wa maksai hao nilipotaka kwenda mjini kuanza maisha. Nikisema hakuna aliyenishika mkono, yeye simhesabu, kwa sababu yeye ni kama mkono wangu mwenyewe. Pale kijijini alikuwa mwalimu wa kwaya. Alikuwa akifungua kinywa kwenye misa ya Pasaka, watu wa nje ya kanisa wanaacha kupiga soga.

Mwaka jana, wakati wa palizi, kiharusi kilimpata shambani. Mungu alisaidia, akapona kiasi cha kutembea na fimbo. Lakini upande wa kushoto wa uso ulishuka na haukurudi. Jicho linafunga nusu, pembe ya mdomo inaning'inia na kutoa mate bila yeye kujua, na maneno yanatoka yamelowa. Nilimpeleka hospitali, nikampeleka kwa mtu wa mazoezi, nikamleta mwingine nyumbani. Gari nilitoa, dawa nilitoa. Mdomo ukabaki palepale. Tangu hapo hakukanyaga tena kanisani. Wageni wakija anaingia chumbani, na mkewe anafunga pazia.

Sasa, baada ya mavuno, ndoa yao ingetimiza miaka ishirini na tano. Paroko alikuwa amepanga misa ya jubilei, wanandoa kadhaa warudie ahadi zao mbele ya waumini. Shemeji yangu aliisubiri siku hiyo kama mtoto anavyosubiri Krismasi. Kitambaa cha gauni alikwisha kununua. Kaka alikataa katakata. "Sipeleki mdomo huu mbele ya watu," alisema.

Shemeji alinipigia simu. "Wewe anakusikia, shemeji. Mwambie."

Nikamwambia kwa kujiamini kabisa: "Niachie mimi. Nitampiga picha, atajiona bado ni mtu, ataenda mwenyewe bila kusukumwa."

Maneno hayo niliyatoa mimi. Hakuna aliyeniwekea mdomoni.

Nilifika kijijini asubuhi, baridi ya Ufipa bado inauma vidole. Kaka alikuwa sebuleni na koti lake zito, kofia imeshushwa upande wa kushoto.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja na bunduki?" Alikuwa anaitazama stendi ya kamera.

"Nimekuja na shule. Siku hizi mimi mwanafunzi."

"Uzeeni?" Alicheka, kisha akaufunika mdomo haraka kwa kiganja. Kule kufunika kuliniuma kuliko kile kicheko kilichopinda.

Ilichukua muda kumtoa kwenye kochi. Nilimwambia ni mtihani, nisipopeleka picha nafeli, na mtu wa darasa la saba akifeli tena atajificha wapi. Hapo akakubali. Nilimketisha kwenye kigoda kando ya dirisha la mashariki, nikamvua kofia. Shemeji nikampa kiroba cheupe akishike upande wa kushoto. Nikatazama ndani ya kamera.

Kiroba kiliurudisha mwanga kama nilivyofundishwa. Kilionyesha kila kitu, jicho lililolala, mkunjo uliopotea, ute unaong'aa kwenye pembe ya mdomo. Kaka alikuwa ananitazama kwa lile jicho zima, anasubiri nimwambie yukoje.

"Shusha kidogo, shemeji," nikasema.

Akashusha. Shavu likaanza kuzama.

"Shusha kabisa. Weka chini."

"Si ulisema kinasaidia?"

"Weka chini, shemeji."

Nikamgeuza kaka kidogo, kidogo tena. Upande wa kushoto wote ukaingia gizani, ukapotea kabisa, na upande wa kulia ukasimama peke yake kwenye mwanga wa asubuhi, shavu la mkulima, jicho la mwalimu wa kwaya, paji lenye mistari ya jua. Nikapiga. Nikapiga tena. Nawaambia, sijawahi kupiga kitu kama kile, na sidhani kuna aliyewahi kupiga mjini petu. Nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera. Alikitazama, akasema, "Huyu ndiye." Shemeji alilia. Mimi nilirudi mjini naendesha naimba.

Mwalimu alipoiona aliisogeza karibu, akaiweka mbali, akaisogeza tena. "Umejua kutumia dirisha, mzee wangu," alisema. Halafu akaweka kidole kwenye giza. "Huku kuna nini?"

Nikamweleza kila kitu.

"Yeye ndiye aliyetaka pafichwe?"

"Hapana. Niliona mimi."

Mwalimu alichukua pini. Picha akaitundika ya kwanza mlangoni, na vijana wakanipigia makofi.

Niliitengeneza kubwa, nikaiweka kwenye fremu yenye kioo, nikaipeleka mwenyewe kijijini ikiwa imebaki wiki moja kabla ya jubilei. Tuliigongelea msumari juu ya kochi. Kaka alisimama mbele yake na fimbo yake. Nikaona ndiyo saa yake.

"Umeona, kaka? Mtu ni yuleyule. Jumapili nakuja na gari, nakufikisha mpaka mlangoni pa kanisa."

Alinigeukia. "Mpeleke huyu."

"Nani?"

"Huyu wa ukutani. Huyu ndiye anayewafaa. Mimi nitakaa nyumbani."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakucheka. Maneno yalimtoka taratibu, moja moja, akiyatafutia njia. Alisema hata mimi, ndugu yake wa damu, nilipotafuta namna ya kumpiga nikaona bora nimzime nusu. Kama mimi nimeshindwa kuutazama upande ule, watu wa kanisa zima watautazamaje?

Shemeji alikuwa mlangoni na sahani. "Kwa hiyo padri amuulize nani kama ananipokea tena? Kioo?"

"Kioo hakidondoshi mate," kaka akasema.

Mimi maneno huwa hayanipungukii. Nimebishana na madereva wa malori na watu wa ushuru, nikashinda. Pale nilianza sentensi tatu na sikumaliza hata moja. Mwishowe nikaifungua kamera. Nikasema tupige nyingine sasa hivi, uso mzima, mwanga wote, nithibitishe kwamba siogopi. Nilimwomba shemeji akishike kile kiroba. Kaka aliitoa kofia kwenye goti, akajifunika uso mzima kwayo, akakaa hivyo. Nilisubiri nyuma ya kamera mpaka mgongo ukaniuma. Chini ya kofia nilimsikia anapumua kwa mdomo.

Nilipotoka, shemeji alinifuata mpaka kwenye gari. Hakupaza sauti. "Mume wangu alikuwa ndani ya nyumba, shemeji. Hakuwa anatoka, lakini alikuwa ndani. Sasa umemtoa umemweka ukutani."

Nilirudi kwa mwalimu. Nilimwuliza kama mwanafunzi kweli, kwa unyenyekevu, kuna namna gani ya kumpiga mtu wa hivyo asione nimemficha na asione nimemwanika. Alisema angeweza kunionyesha mwanga mlaini zaidi, au kumpiga akiwa anafanya kazi yake, au kukaa naye siku nyingi bila kamera mpaka azoee. "Lakini picha ya kuiondoa ile aliyokwisha kuiona, mzee wangu, hiyo siijui." Zilikuwa zimebaki siku nne.

Jumapili nilifika na gari limeoshwa. Shemeji alikuwa amevaa gauni lake jipya, kaka yuko kwenye kochi na koti lake lilelile, chini ya fremu. Nikamwambia twende. Nikamwambia tukae benchi la nyuma. Nikamwambia padri ameshaelewa. Kila neno alilipokea kwa upole kama mtu anayepokea salamu, na hakuinuka. Shemeji angeweza kwenda peke yake. Alitazama saa ya ukutani mpaka muda wa misa ukapita, kisha akavua viatu, akaenda jikoni kuchochea moto.

Mchana wanajumuiya wa kanisa wakaja. Walikuwa wametukosa kanisani, wakaona watuletee jubilei nyumbani: kuku, ulezi kwenye ungo, nyimbo zimeanzia barabarani. Kaka alipowasikia alishika fimbo, akaingia chumbani. Pazia likarudi mahali pake.

Waliingia, na cha kwanza walichokiona ni fremu.

"Jamani! Amepona!" mama mmoja akapiga kigelegele. "Tazameni uso, kama siku ya harusi!"

"Na sisi tulikuwa tunaambiwa mdomo umepinda. Watu waongo!"

"Nani kapiga hii?"

Wakanigeukia wote. Wakanishika mikono, wakanipongeza. Nimesubiri maisha yangu yote watu wa kwetu wanipongeze vile. Mzee mmoja akauliza mwenyewe yuko wapi, nikasikia sauti yangu inasema, "Amepumzika kidogo." Shemeji alikuwa anagawa togwa. Hakuinua macho.

"Basi tusimsumbue," yule mama akasema. "Mpiga picha, tupige wote pamoja naye. Bibi harusi akae katikati!"

Wakajipanga mbele ya kochi, warefu nyuma, na shemeji wakamsukuma mpaka chini ya fremu, jagi la togwa bado mkononi. Mmoja akalichukua lile jagi. Mwingine akamtengeneza kola. Pazia la chumba lilikuwa hatua mbili kutoka hapo, na chini yake niliona ncha ya fimbo imesimama wima, haisogei. Kaka alikuwa nyuma ya pazia palepale, anasikia kila kitu.

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kulivuta lile pazia. Mikono hii imebeba magunia, imefungua injini, na siku ile ilichoweza ni kuinua kamera tu.

"Tuhesabie!" wakasema.

Nikahesabu mpaka tatu, nikapiga, na walipoomba nyingine, nikapiga nyingine.