Oili Nzito Siku ya Posa

Nakumbuka Ijumaa niliyotoka kwetu Chumbageni, Tanga, kwenda Kigombe kuposa, nimekaa kwenye usukani na kanzu ya kuazima, pikapu yangu iko kimya utadhani haina injini. Kimya kile nilikitengeneza mwenyewe, mwanangu, na nusura kinikoseshe mke. Ngoja nikueleze, maana juzi nilikusikia ukimwambia mwenzako kwamba gari lako limeanza kugonga, na kuna mtu kakushauri utie oili nzito ili litulie. Juzi hiyo niliuchuna, sikusema kitu. Leo sikubali.

Pikapu yangu ilikuwa kuukuu tangu nilipoipata. Nilibebea machungwa kutoka Muheza mpaka Horohoro, na kila Ijumaa nilishuka nayo Kigombe kuchukua nazi. Huko ndiko nilikomwona Mwanahamisi, binti wa Mzee Sufiani. Tangu hapo nazi zangu zikawa haziishi kununuliwa. Hata wiki ambayo sina mteja nilikwenda tu, nikarudi na nazi nisizojua nimpe nani. Nilikuwa nimependa, sifichi. Umri huu nimwonee nani haya?

Tatizo lilikuwa baba yake. Mzee Sufiani alikuwa fundi wa mitambo kwenye mashamba ya mkonge, na watu walisema akiwa amejilaza barazani kwake anajua gari gani linapita na linaumwa nini. Na langu liligonga, ka-ka-ka-ka, nikiwa bado njiani Tongoni, Kigombe wanalisikia. Sababu yake naijua sasa. Oili nilikuwa naongeza tu. Ikipungua natia, ikipungua natia. Kuimwaga yote na kuweka mpya niliona ni kazi ya watu wasio na shughuli. Nikajiambia, Ijumaa nyingine huwa yuko mashambani, ila siku ya posa mzee huyu akisikia makelele haya, binti sipewi.

Basi Alhamisi nikafanya ujanja niliousikia kijiweni. Nikapunguza oili ya injini, nikajazia oili ya giaboksi, ile nzito inayovutika kama asali. Nikawasha, kule kugonga kukapotea. Nilifurahi mpaka nikazunguka Chumbageni yote mara tatu, kwa raha tu ya kupita bila watu kugeuza shingo.

Kulipokucha kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa saba. Ami Salehe, mdogo wake baba, alishavaa joho lake, barua ya posa mfukoni, sinia la tambuu magotini. Nyuma walikaa wazee wawili wa mtaani kwetu. Nikapiga stata, ikazunguka kwa kuguna. Nikapiga tena. Ami akanitazama, akasema, "Gari lako leo halitaki kuoa." Likaja likawaka, tukaondoka, na mimi nikaanza kuona mshale wa petroli unashuka kwa kasi nisiyoizoea. Petroli ambayo kila Ijumaa ilinifikisha Kigombe na ikabaki kidogo, siku ile ilikatika kabla hatujaingia kijijini. Injini ilikuwa inamaliza nguvu zake kukoroga uji ule niliouweka.

Kwa hiyo tukaingia kwa wakwe tunasukuma. Ami Salehe kakunja joho kiunoni, wazee wawili wanahema, mimi niko dirishani nimeshika usukani kwa mkono mmoja na kanzu kwa mwingine. Wanawake waliokuwa wametoka na vigelegele vikawaishia kooni, wakashikana mabega kwa kucheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee Sufiani akatoka. Nikamwamkia, "Shikamoo, Baba." Akaitikia, "Marahaba," akanipita, akafungua boneti. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akaisugua kidogo kati ya vidole, akainusa.

"Hii ni oili ya gia. Nani kaitia humu?"

Na mimi, maskini, nikasema uongo. Nikasema fundi.

"Fundi gani?"

"Wa Chumbageni."

"Mafundi wa Chumbageni wote nimewafundisha mimi au wamefundishwa na niliowafundisha. Nitajie jina."

Ami Salehe alikuwa anatazama viatu vyake. Mlangoni, nyuma ya mama yake, nikamwona Mwanahamisi, na hakuwa anacheka. Nikaona wazi kwamba jibu litakalofuata ndilo litakaloamua kama nitarudi na mchumba au na sinia. Nikasema, "Ni mimi, Baba. Lilikuwa linagonga. Niliona haya usilisikie."

Mzee akarudisha kijiti, akafunga boneti. Kisha akasema, "Injini mbovu naitengeneza. Mtu mwongo sina spana yake. Karibuni ndani, wageni wasikae juani." Tukala, tukanywa, barua ikapokewa, tambuu ikatafunwa. Jibu hakutoa. Akanipa petroli ya kurudia na kuniambia nirudi Jumamosi ijayo asubuhi na mapema, nivae nguo za kuchafuka. Ami njia nzima alinisema, nami nilikubali kila neno.

Jumamosi ile nikafika kabla jua halijapanda. Mzee akamwita binti yake alete chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Akanipa. "Mimina mkononi." Nikapindua chupa, mafuta yalikuwa yameganda kwa baridi, hayakushuka hata tone. "Sasa wewe ndiye injini umeamka," akaniambia. "Unangoja mafuta yapande yakufikie kichwani, na huku unakimbia. Vyuma vyako vinasuguana vikavu. Injini hailiki sana ikiwa safarini, kijana, inalika asubuhi, pale inapoisubiri oili. Na ikishaipata iliyo nzito hivi, inaisukuma kwa petroli yako. Umenyamazisha kelele, ugonjwa umeuongeza."

Tukafungua chini. Tope jeusi lilitoka, zito, na ndani yake chembe za chuma zikimetameta. Beringi zilikuwa zimelika mpaka nikaona huruma. Alinitia kazini Jumamosi tatu: kuosha, kubadilisha, kufunga. Mwanahamisi alileta chai na kunicheka masizi usoni, na mimi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pwani hii, ila usiku nilikuwa silali kwa kuwaza jibu. Mwisho Mzee akamimina oili ya uzito ule uliotajwa kwenye kitabu cha gari, na chujio jipya. Akapima petroli tangini kwa ufito, akanituma Tanga mjini na kurudi. Niliporudi alipima tena, akanionyesha. Ilikuwa bado ipo, nyingi tu.

Akasikiliza injini inavyonguruma. Kamlio kadogo ka kugonga kalibaki. Nikamuuliza kama tukaondoe, akasema, "Hako kaache. Ni uzee, si ugonjwa." Kisha akafuta mikono, akamgeukia binti yake. "Umeshamwona. Unasemaje?"

Mwanahamisi akainama kidogo, halafu akasema, na maneno haya ninayo kifuani mpaka leo: "Mimi kila Ijumaa nilikuwa naanza kulisikia gari lake toka Tongoni, naweka chai motoni. Siku ya posa sikulisikia. Nilidhani ameghairi, nikalia." Akanitazama. "Niko radhi, Baba. Ila asilinyamazishe tena."

Mama yake akapiga kigelegele kikasikika pwani nzima, na mimi, mtu mzima, nikageukia pikapu nikajifanya nakaza nati huku machozi yananitoka.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Soma kitabu cha gari lako, utie oili ya uzito kilioutaja. Nzito kupita kiasi inachelewa kufika na inakula petroli yako. Nyepesi kupita kiasi inakimbia, vyuma vinakutana. Imwage wakati wake ukifika, ubadilishe na chujio, usiwe mtu wa kuongeza tu kama nilivyokuwa mimi. Pima asubuhi, gari likiwa limepoa, mahali palipo sawa. Na likigonga, lipeleke likafunguliwe lionekane lina nini. Hata wewe mwenyewe, ukiwa na kasoro, usiifunike mbele ya watu unaotaka wakupende. Waambie. Wengine wanaipenda kabla wewe hujaizoea.

Nenda salama. Mungu akulinde barabarani, akubariki kwa kazi ya mikono yako, na akupe mtu nyumbani atakayeweka chai motoni akikusikia unakuja.