Vidonge Alivyogawa Mama

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza duniani. Sisemi hivyo kwa majivuno, nasema kwa sababu nimeona. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikuwa nakaa dawati la mwisho kwa kunuka dagaa, lakini leo nina maboti manne ziwani, nina fuso mbili zinazopanda Kasulu kila wiki, na nyumba yangu ya Kasingirima ina vigae ambavyo mwalimu wangu, kama angekuwa hai, angeuliza bei. Nimezama Ziwa Tanganyika mara mbili nikatoka. Nimeibiwa injini, nikanunua nyingine bila kumkopa mtu. Lakini nipitishe mwalo wa Katonga asubuhi, pale maboti yanaposhusha samaki, dagaa wabichi ndiyo kwanza wanamwagwa juu ya mchanga wenye umande, ile harufu ya samaki ikichanganyika na moshi wa kuni na mafuta ya taa, na mimi huyu mwenye maboti manne nageuka mtoto wa miaka tisa mwenye fimbo ya kufukuzia kunguru. Harufu ile kwangu ni mama. Na kila nikiinusa nakumbuka masika moja tu, ile ya mwisho kuwa naye.

Masika pale mwaloni ni msimu wa roho mkononi. Usiku wa giza maboti yanaingia ziwani na karabai zao, alfajiri yanarudi, na wanawake wanakuwa wameshajipanga kusubiri. Mama alikuwa mmoja wao. Alinunua kwa mali kauli, akaanika, akageuza, jioni akakusanya, akauza ndipo alipe. Sasa jua la masika halina ahadi. Linawaka saa nne, saa tano wingu limeshuka kutoka milimani, na dagaa akilowa baada ya kuanza kukauka ameoza, hapo umekula hasara ya mwezi mzima. Kwa hiyo mwanamke hakuondoka kwenye dagaa wake tangu alfajiri hadi alasiri. Alikaa kwenye kipande cha mkeka, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, macho yakienda juu kwenye wingu na chini kwa kunguru. Baba alikuwa kibarua kwenye boti la watu, akirudi asubuhi analala. Mlinzi wa pili nilikuwa mimi.

Na palikuwa na mwiko. Wanaume wa mwalo walisema mwanamke akijisaidia karibu na maboti, ziwa linafunga na dagaa wanahamia upande wa Kongo. Wenyewe walikuwa wakisimama hapo hapo kando ya boti wakakojoa, ziwa likanyamaza. Choo kilikuwa kimoja, cha mwenye maboti, nacho kilikuwa na kufuli. Vichaka vilikuwa juu mlimani, ukipanda na kurudi kunguru wameshafanya karamu. Basi wanawake walibana. Walibana tangu alfajiri mpaka warudi nyumbani, na ili waweze kubana hawakunywa maji. Wakafanya ni sifa. Aliyepanda mlimani alitaniwa kuwa ana kibofu cha mtoto mchanga. Ziwa lenye maji matamu liko hatua chache kutoka miguuni mwao, jua linawakausha midomo, na mimi nikimletea mama maji kwenye kikombe cha bati, anasukutua na kutema. Rafiki yake, Mama Zuhura, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili, hakuacha hilo lipite.

"We Mama Hamisi, kunywa tu, ziwa lote hili ni lako. Ukijaa utaenda kukojoa kwa mwenye boti, mkewe akutandikie na mkeka."

"Nasukutua tu, shoga."

"Sukutua, lakini usimeze, mjukuu wa ngamia."

Wakacheka wote, na mama akacheka zaidi yao. Alikuwa na mimba wakati ule, tumbo limeanza kuonekana chini ya kanga. Kicheko chake nilikijua vizuri, ndiyo maana nilijua kilipoanza kukatika. Alikuwa akisimama ghafla njiani tukirudi nyumbani, anashika chini ya kitovu, anauma pindo la kanga, kisha anasema twende. Nyumbani alikuwa akienda uani, anarudi, anaenda tena kabla hajakaa. Mkojo ulikuwa matone tu, tena mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, na harufu yake kali. Siku moja nilimsikia uani anatoa sauti kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akili yake ikampa hesabu ambayo hata mimi ningeiona sahihi: mkojo unaunguza, na mkojo unatoka kwenye maji, basi asiyekunywa hakojoi, na asiyekojoa haungui. Akaacha hata kusukutua.

Kwa watu alisema ana homa. Maumivu ya huko chini hayakutajwa, maana mke wa mtu mwenye maumivu ya huko watu wanaanza kuhesabu mumewe analala wapi, au yeye mwenyewe. Mara ya kwanza alienda zahanati na baba. Kulikuwa na nesi aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi, mwanamke mrefu asiyependa kurudia maneno. Akauliza unaumwa nini. Mama akamtazama baba, akasema mwili tu, na homa. Akapewa klorokwini ya malaria, ikamwasha ngozi nzima, na ule moto wa chini ukabaki palepale. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio nacho kina ratiba yake, hakiji mapema.

Mara ya pili alienda na mimi. Nesi akanitoa nje, nikakaa chini ya dirisha.

"Dada, mkojo unakuchoma?"

Nilimsikia mama akikohoa.

"Mama, na mimba hiyo. Nakuuliza mkojo unakuchoma?"

"Kidogo."

"Kidogo chenu nakijua. Ninyi wanawake wa mwalo mtakufa na aibu zenu."

Akamwambia maneno ambayo nilikuja kuyaelewa nikiwa na mvi. Kwamba njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, vijidudu havisafiri mbali kufika kwenye kibofu, na mimba inavirahisishia. Kwamba mkojo unapotoka unavisomba, ukiubana unavifuga. Anywe maji mpaka mkojo uwe mweupe. Akijisafisha aanzie mbele kwenda nyuma. Kisha akampa vidonge vya rangi mbili, nusu nyekundu nusu nyeusi, kwenye kipande cha gazeti. Zahanati ya serikali siku hizo ilikuwa haitozi hata senti.

"Umeze vyote. Hata ukijisikia umepona, umeze vyote. Umesikia?"

"Ndiyo, dada."

"Hiyo ndiyo ya kweli, au ya kunitoa njiani?"

Mama akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka siku nyingi.

Alimeza, na siku ya pili alikuwa mtu mwingine. Alishuka mwaloni anatembea wima. Mama Zuhura akamwona, akamsogelea, na kwa mara ya kwanza nikaisikia ile sauti ya ng'ambo ikinong'ona kwamba na yeye anaungua, tangu juzi. Aliyekaa mkeka wa tatu naye akageuka, na yeye. Kumbe mstari mzima ule wa vichekesho ulikuwa unaungua, kila mmoja peke yake. Mama akafungua pindo la kanga, akatoa lile gazeti. Pale mwaloni ndivyo tulivyoishi. Chumvi iligawanywa, moto ulichukuliwa kwa jirani kwenye kigae, na mmoja akipata mawese kila chungu kilionja. Dawa ingekuwaje tofauti?

"Nesi kasema umeze vyote wewe," Mama Zuhura alisema, na mkono ameshaunyoosha.

"Kasema mimi. Hakusema ninyi muungue."

Akawagawia, huyu viwili, yule viwili, na kilichobaki akakirudisha kwenye pindo kwa ajili ya atakayeugua kesho. Wakampa dua. Nilisimama na fimbo yangu, nikamwona mama ni malkia.

Mvua kubwa zilipoanza, moto ulirudi, na safari hii haukukaa chini. Ulipanda mgongoni, upande mmoja, chini ya mbavu. Alitetemeka chini ya blanketi mchana wa jua, meno yakigongana, akatapika hata uji. Baba akaazima baiskeli, akamkalisha nyuma, yeye akisukuma na mimi nikimshika mama kiuno asidondoke, tope likituvuta viatu mlima mzima mpaka hospitali ya mjini. Mwili wake ulikuwa unaunguza viganja vyangu kupitia kanga mbili. Wodini mtoto alikuja kabla ya siku zake, wa kiume, akapumua kidogo, akaacha. Mama alimfuata kabla hawajamaliza kumtafutia shuka. Daktari alimwambia baba kuwa figo zimeoza na sumu imeingia kwenye damu. Baba aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Msibani Mama Zuhura alikaa kwenye kona, hakuwa na utani. Alikuwa anarudia neno moja, dawa ya mwenzangu imo tumboni mwangu, dawa ya mwenzangu imo tumboni mwangu, mpaka wenzake wakamziba mdomo kwa kanga. Watu walidhani ni uchungu tu. Mimi pia. Neno nililolibeba mimi ni la baba, aliponishika bega tukitoka makaburini. "Pesa, Hamisi. Tungekuwa na pesa, mama yako asingekufa."

Neno hilo ndilo lililonitoa shuleni. Nilitafuta pesa kama mtu anayedai kisasi. Nilibeba magunia, nikalala juu ya nyavu, nikanunua ndoo moja ya dagaa, ikazaa mbili, zikazaa boti. Wenzangu walikuwa wanapumzika siku za mbalamwezi, mimi nilikuwa njiani Kasulu nauza. Kila boti nililoshusha majini nilisema moyoni, sasa hafi mtu wangu. Na kile kisa cha vidonge nilikuwa nakisimulia kwenye harusi na kwenye vikao, mbele ya watu wenye digrii zao, wakanyamaza kunisikiliza. Kutoa ni moyo, nawaambia, mama yangu aligawa hata dawa ya kinywani mwake. Watu walifuta machozi. Chanja zangu za kuanikia leo zina choo cha milango mitatu na tangi la maji, maana bwana afya alinisumbua, nami nikijenga najenga. Wanawake wanapita mbele ya milango ile na hawaingii. Nilimuuliza binti mmoja kwa nini hanywi maji, akanijibu, "Bosi, nikinywa nitashinda chooni, dagaa wako alindwe na nani?" Siku hizi ugonjwa una jina, kila mtu anaujua, yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, wanalitaja kama jina la jirani. Wanakwenda dukani wananunua vidonge vya kukatiwa, wanagawana kwenye mkeka. Nilikuwa nikiwaona nafurahi, nasema wema wa mama haujafa.

Mwaka huu mwanangu Asha ana mimba yake ya kwanza. Nilikuwa Kidahwe napakia maharage, mumewe akanipigia, anasema Asha ana homa na anashika kiuno. Sikumbuki nilivyoendesha. Nilipita nyumbani nikachukua milioni mbili taslimu, nikampigia dalali nikamwambia aanze kutafuta mteja wa fuso moja. Nikampeleka hospitali ya kulipia, nikamwambia daktari, kijana wa juzi tu, kwamba pesa ipo, kama ni Bugando twende, kama ni Muhimbili nakodi ndege.

"Shikamoo, mzee. Kaa kwanza," alisema. "Tupime mkojo."

Walipima mkojo. Alisema ni maambukizi, bado yako kwenye kibofu, hayajafika kwenye figo, amewahi. Kiuno ni mimba tu, na homa aliyoitaja haipo, joto la mwili liko sawa. Akaandika dawa inayomfaa mjamzito, akamwambia Asha amalize dozi yote, asimgawie mtu, anywe maji, asibane, kisha arudi wapime tena. Nikamuuliza akimgawia mtu itakuwaje. Akanijibu kwa upole, hakujua anamjibu nani. Dozi ikikatwa, vijidudu dhaifu vinakufa, vyenye nguvu vinabaki na kuzaana, vinapanda. Anayegawa hajamponya mwenzake, na yeye mwenyewe amejimaliza.

Nilikaa kwenye benchi la korido. Niliwaza lile gazeti kwenye pindo la kanga, lilikuwa na dozi kamili, ya bure. Miaka yote hii nimepigana na umaskini kwa ajili ya kifo ambacho umaskini haukukileta, na yule niliyemsifia mbele za watu, nilikuwa nikisifia jinsi alivyokufa. Sasa ningemwambia nani? Baba ameshakufa akiamini ni pesa. Maboti manne hayanisaidii kumeza hilo.

Nikaenda dirishani kulipa, milioni mbili ikiwa imevimbisha mfuko wa koti. Binti wa mapokezi akajumlisha, kumwona daktari, kipimo, vidonge. Akaniambia. Nikamwomba arudie, nikidhani amesahau kitu, akarudia bila kuinua macho: elfu kumi na nne na mia tano.