Kiitaliano Nilichojifunza Tulipotengwa

Nakumbuka siku moja ya kiangazi nikitoka kisimani na ndoo kichwani, najisemea njia nzima: parlo, parli, parla. Ninasema, unasema, anasema. Wasichana wa rika langu walikuwa wamekaa kando ya njia wakisukana. Nilipokaribia wakanyamaza, nilipowapita wakaanza tena kuongea. Mwanangu, mimi nimeugua malaria hadi nikaweweseka, nimezaa watoto wenye vichwa vikubwa kama cha babu yako, lakini sijawahi kuumia kama ule ukimya ulivyoniumiza.

Tulikuwa tumetengwa. Wewe kutengwa hukujui, siku hizi mtu akikununia unafungua simu unaongea na mwingine. Wakati ule, kijijini kwetu huku Masumbwe, miaka ya vijiji vya ujamaa, ilikuwa hivi: msiba ukitokea, kila nyumba inatoa mtu, mwenye jembe na jembe lake, mwenye kuni na kuni zake. Usipoonekana unatozwa ng'ombe, anachinjwa, watu wanamla pamoja na wewe, yamekwisha. Ukikataa kumtoa, unatengwa. Hakuna anayekusalimia, hakuna anayekupa kaa la moto, na atakayekaa nawe naye anatengwa. Na siku ukifa, hakuna atakayekuja na jembe.

Baba yangu alikosa maziko ya mzee jirani kwa sababu alikuwa porini akitafuta ng'ombe waliopotea. Aliporudi nao akaambiwa atoe mmoja. Akacheka. "Nimewatafuta kutwa nzima wasiliwe na fisi, halafu niwape ninyi mle?" Basi, ikawa hiyo. Baba alikuwa mtu wa kung'ang'ania neno lake hata likioza mkononi. Mama alishafariki, ndugu zetu tuliwaacha Shinyanga tulipohama na mifugo, kwa hiyo waliotengwa ni yeye na mimi tu. Naye alikuwa mgonjwa wa kifua. Akikohoa alfajiri mimi macho yananitoka gizani, najiuliza: huyu akifa leo, kaburi nitalichimba na nani? Niliogopa sana, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba naogopa.

Aliyenisemesha alikuwa Sista Pierina. Alikuwa mkuu wa zahanati ya misheni, na mimi nilifua bendeji na kuchemsha mabomba ya sindano pale. Mambo ya kutenga watu hayakumhusu. Mwembamba, mkali, anatembea mbiombio hata kuku wa misheni walijifunza kumpisha. Siku moja aliniuliza kwa nini sikai na wenzangu, nikamweleza. Alichukua chaki akaandika kwenye mlango wa stoo: parlare. "Kusema," akaniambia. "Tunaanza leo."

Usicheke. Huko kwao vitenzi vina makundi matatu, unayajua kwa mikia yao: parlare, kusema, credere, kuamini, dormire, kulala. Alisema nikishawajua hao watatu wapole, wenzao wengi watanifuata bila fujo, na wale wakorofi tutapambana nao baadaye. Sisi tunabadilisha mbele: ninasema, nilisema, nitasema. Wao wanabadilisha nyuma: parlo, parlai, parlerò. Nikazoea. Kisha akaniingiza kwenye hali nyingine: ya kuamuru, ya kutamani na kushuku, che io parli, yaani kwamba niseme. Tulipofika parlerei, ningesema, nilikaa nayo siku nyingi kuliko nyingine zote. Ningesema. Ningesema na nani?

Alinifundisha kama watoto wa darasa la kwanza, maana kabla ya usista alikuwa mwalimu wa watoto kijijini kwao. Yeye anataja mtu, mimi naitikia. "Noi," anasema, yaani sisi. Mimi: "Parliamo, crediamo, dormiamo." Nikifika nyumbani narudia nikisonga ugali. Tunasema. Sisi akina nani? Mimi na sufuria. Baba alinitazama, akatikisa kichwa, akaendelea kukohoa. Hata yeye alikuwa ameanza kusahau kuongea.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini Sista alijisumbua hivyo. Pale misheni hakukuwa na Muitaliano mwingine. Masista wenzake walitoka nchi nyingine na wengine walikuwa wa hapa hapa, na padre alikuwa Mholanzi. Alitaka tu kuisikia lugha yake ikitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, hata kama mtu mwenyewe ni msichana wa Kisukuma anayekosea kila neno la tatu.

Basi asubuhi moja padre akarudi kutoka Kahama na telegramu. Mama yake Sista amefariki, na alikuwa ameshazikwa. Sista akaikunja telegramu, akaitia mfukoni, akaendelea kuchoma watu sindano. Wagonjwa wakaja, wakaondoka, hakuna aliyejua. Nilijua mimi tu, kwa sababu padre alinong'ona na mimi nipo pale na beseni langu.

Mchana akanyoosha kidole kwenye mlango wa stoo kama kawaida yake. "Imperfetto," akasema. Hiyo ni njeo ya mambo yaliyokuwa yakifanyika. Nikaanza: parlavo, parlavi, parlava. Nilipofika parlava, alikuwa akisema, midomo yake ikaanza kutetemeka. Nikatafuta kichwani neno la kumpa pole. Nilikuwa nimejaa vitenzi hadi kooni, mwanangu, na sikupata hata kimoja cha kumpa. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Pole, Sista." Akaitikia kwa kichwa, akageuka ukutani. Mimi nikaona haya, nikatoka mbio hadi nyumbani kumpa baba habari.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda anasuka kamba.

"Amefiwa na mama yake?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Umemwacha na nani?"

"Yuko peke yake."

Akaweka kamba chini. "Kwa hiyo ukamwacha peke yake, ukaja kunihadithia mimi. Wewe binti, wewe wa nyumba hii, hujui bado kukaa bila mtu kukoje?"

Hakupaza sauti. Angepaza ningelia yakaisha. Alisimama, akafunga mzigo wa kuni, akajitwika yeye mwenyewe na kile kifua chake, akatangulia. Alikuwa anapumzika kila baada ya kichaka. Tulipofika misheni akawasha moto mbele ya nyumba ya masista, mchana kweupe, akakaa chini. Sista akatoka kuuliza kuna moto gani. Baba akamwambia, "Ni wa mama yako." Sista akavua viatu, akakaa kwenye mkeka niliomtandikia, na hapo ndipo alipolia kilio cha kweli.

Watu wakaona moshi. Kijijini hakuna asiyejua moto wa msiba unavyokaa. Wakaanza kuja, akina mama na unga na michembe, vile viazi vya kukaushwa, wanaume na kuni, wakiongozwa na Mzee Masanja. Yeye ndiye aliyekuwa nsumba ntale wetu, kiongozi wa shughuli zote za pamoja, na ndiye aliyetangaza tutengwe. Wakafika karibu, wakamwona aliyekaa motoni ni baba. Wakasimama pale pale. Nikasema moyoni, sasa watarudi, na Sista atabaki bila watu kwa sababu yetu.

Masanja akautazama moto, akamtazama Sista aliyekaa chini miguu mitupu. "Mimi nimekuja kwa huyu aliyefiwa," akasema. "Siwezi kuondoka kwa sababu yako, wala siwezi kukufukuza kwenye moto uliouwasha wewe." Akakaa. Hakumsalimia baba, baba naye hakumsalimia. Lakini alikaa, na wengine wote wakakaa.

Sasa, kwetu msiba hauwi msiba kama hujui marehemu alikuwa mtu gani. Bibi mmoja akamwuliza Sista habari za mama yake. Kiswahili chake cha zahanati kilikuwa cha unaumwa wapi na meza vidonge hivi, kikamwishia njiani. Akageukia lugha ya kwao, akasema akinitazama mimi. Lavorava. Piantava. Cantava. Nikashangaa kwamba naelewa. Nikawaambia watu kwa Kisukuma: alikuwa akifanya kazi mashambani. Alikuwa akipanda. Alikuwa akiimba.

Mimi niliyetengwa nilikuwa nimesema mbele ya watu.

Kisha yule bibi akanigeukia mimi, uso kwa uso. "Hebu muulize, alikuwa akipanda nini?"

Mwanangu, tangu tutengwe lilikuwa neno la kwanza mtu wa kijiji kunielekezea. Nikauliza, nikajibiwa. "Mpunga," nikasema. "Mama yake alikuwa akipanda mpunga, amesimama majini tangu asubuhi, na mgongo ulimuuma hadi uzee."

"Mpunga?" bibi akasema. "Kama sisi?" Akina mama wakaguna kwa huruma, wakasogea karibu na Sista. Yule mwanamke wa mbali akawa na mgongo wanaoujua. Wakamlilia vizuri.

Matanga yakaenda hivyo, Sista akisimulia, mimi nikifasiri. Siku ya kuyaanua, baba akasema bila kumtazama mtu, "Kesho nitaleta ng'ombe." Masanja akasema, "Lete." Wakamla pamoja naye, na asubuhi iliyofuata msichana mmoja akanisalimia "mwangaluka" kisimani kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimjibu. Lakini sikumwamini tena kama zamani, na sitakudanganya kwamba upweke ule ulikwisha. Mtu aliyewahi kunyamaziwa hubaki akisikiliza watu wakinyamaza.

Sista aliumwa, akarudishwa kwao kabla ya masika. Hakurudi tena. Kiitaliano kikabaki na mimi peke yangu, na hadi leo nikikosa usingizi navipanga vitenzi vyangu kwa mikia, wala hapa hakuna wa kuniambia nimekosea.

Baba alifariki mvua zikinyesha. Nilimfunika, nikakaa mlangoni, sijamwita mtu, ila jirani alisikia kilio changu. Nikasikia majembe yakigongana njiani kabla sijaona watu. Walikuja wengi hadi wakapokezana majembe. Masanja alikuwa na miaka mingi kuliko baba, na aliingia kaburini akachimba. Nilimwomba apumzike, akaniambia, "Acha nimchimbie. Huyu alinifundisha kazi yangu, siku ile ya moto wa misheni."

Sasa wewe. Juzi umeniambia rafiki yako wa Kahama amefiwa na mama, nawe umeshamtumia pole kwenye simu, tena ndefu yenye maneno mazuri. Sikatai, ni mazuri. Nami nilikuwa na maneno mazuri, ya makundi matatu, na yule Sista wa watu aliugeukia ukuta mimi nimesimama nayo. Kinachotakiwa ni uende. Hujui la kusema, nenda hivyo hivyo, kaa chini. Mmegombana, nenda. Unaona haya kwa sababu umechelewa, nenda. Ukiwa hapo, la kusema litakuja lenyewe, na lisipokuja, chota maji, osha vyombo. Baba yangu alikuwa mkaidi na alikosea mengi, lakini hilo alinionyesha na kifua chake kibovu, na mimi nakuachia wewe.

Basi la kwenda Kahama linaondoka asubuhi. Kuna kuku hapo nje, mfunge miguu umpelekee. Mungu akupe miguu ya kuwafikia watu, mwanangu, na siku yako ikifika, akupe watu wa kukufikia.