Mgeni Aliyekataa Kupokewa

Hoteli niliichagua mimi, na niliichagua kwa hoja. Ilikuwa Ibanda, mtaa wa mjini kwetu, kwenye mojawapo ya zile ncha za ardhi zinazoingia ziwani, jengo la zamani lenye kona za mviringo na vibaraza vilivyopinda kama midomo ya vikombe. Sakafu ya ukumbi ilisuguliwa kila asubuhi mpaka mtu akaona kivuli cha miguu yake. Kwenye meza za chakula, vitambaa vya kujifutia vilikunjwa kama kofia ya askofu. Ni kweli kwamba lifti ilikuwa imekufa tangu nikiwa shule ya sekondari, na kwamba vyakula vingi katika menyu vilikuwa vimekatwa kwa kalamu. Lakini nilijiambia kwamba mtu anayetoka mji mkuu atalitazama ziwa kwanza, na akimaliza kulitazama atakuwa amekwisha kutusamehe mengine.

Mama hakuukubali mpango huo hata kidogo.

"Mugeni wako alale kwa hoteli? Kama vile hatuna kitanda?"

"Mama, ni profesa. Amezoea."

"Amezoea nini? Kulala kwa batu benye hawamujui?"

Nilikuwa nimechoka, na uchovu wangu wa mwaka ule haukuwa wa kulala ukaisha. Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa amefariki katikati ya majira ya mvua, ghafla, mtu ambaye Ijumaa alikuwa amenisahihishia nukta na mikato, na Jumatatu tukamzika. Tangu hapo kila sentensi niliyoiandika niliifuta, na tasnifu yangu juu ya mimea ya mabwawa ikabaki yatima. Kanuni ilikuwa wazi: nisipopata profesa mwingine wa kuisimamia kabla ya mwaka wa masomo kwisha, jina langu lingefutwa, na miaka yote niliyopima matope ingebaki kuwa matope.

Kati ya wote niliowaomba, alijibu mmoja tu, profesa mwanamke wa Kinshasa ambaye nilimjua kwa sifa. Alisema angependa kuyaona mabwawa yenyewe kabla ya kuamua. Akataka nimwandikie mwaliko rasmi, ili apewe ordre de mission, ile karatasi ambayo siku zile mtu hakuweza kusafiri mbali kwa ndege bila kuwa nayo mfukoni. Niliuandika mwaliko huo mara nyingi kabla ya kuutuma. Niliuondolea kila neno lililoweza kusomeka kama kulia.

Gari lilikuwa la tonton, mdogo wake mama, aliyekuwa akiniita Daktari Bila Sindano tangu nianze masomo ya juu. Siku ya kumpokea mgeni alivaa suti yake isiyo na tai, abacost ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe, akatandika taulo kwenye viti, akatukataza kula karanga ndani. Tulifika Kavumu mapema, tukasimama kwenye upepo wa uwanja wa ndege, mimi nikirudia kimoyomoyo sentensi yangu ya kwanza.

Alishuka akiwa wa mwisho. Alikuwa mrefu, wa makamo, amevaa kikwembe cha kitenge cha buluu kilichoshonwa na fundi anayejua kazi, na viatu vya ngozi vya rangi ileile ya mizigo yake. Mizigo yenyewe ilitufanya tonton na mimi tutazamane: valizi tatu kubwa za ngozi ya kahawia, za kufanana kama ndugu, zenye mikanda na vifungo vya shaba. Ya nne, ndogo, alikuwa ameishika mkononi.

"Karibu, Maman Profesa. Nikupokee."

"Aksanti, mama," akaniambia. "Zile kubwa, ndiyo. Hii acha, nabeba mwenyewe."

Kwetu, kumpokea mgeni ni kazi ya mikono kabla ya kuwa kazi ya mdomo. Unamtua mzigo kwanza, salamu zinafuata. Ndiyo maana neno ni lilelile moja, la mtu na la mzigo wake. Anayeng'ang'ania kifurushi chake mlangoni bado hajafika, hata kama miguu yake imo ndani. Nilijua kwamba wasafiri wa mjini wana desturi zao. Hata hivyo mkono wangu ulibaki hewani kwa muda ambao naona ulikuwa mrefu mno, na njia nzima nilijiuliza kama nilipaswa kuunyoosha mara ya pili.

Tonton alizipakia zile kubwa kwa kuguna.

"Maman Profesa, umebeba Kinshasa yote?"

"Nimeacha mto tu," akajibu. "Haukuingia."

Tonton alicheka mpaka akalazimika kuegemea gari. Baadaye mgeni alitueleza kwamba alizaliwa Kindu, na Kiswahili chake hakikuwahi kulala hata baada ya miaka yote ya Lingala na Kifaransa. Kisha akageukia dirisha la gari. Ziwa lilikuwa mkono wetu wa kushoto, likijificha nyuma ya migomba na kutokea tena chini ya mteremko, na yeye alilitazama huku ile valizi ndogo imekaa magotini kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Mtu mwenye akili iliyotulia angempeleka Lwiro kwanza, kwa kuwa kituo cha utafiti chenye mabwawa yangu hakiko mbali na uwanja wa ndege, na kurudi mjini jioni. Mimi nilikuwa nimepanga hoteli kwanza, Lwiro kesho, ili aione sura yetu nzuri kabla ya matope. Kwa hiyo tuliiacha njia ya kwenda Lwiro, tukijua tutairudia.

Hotelini, mpokeaji wageni alitukabidhi ufunguo kwa mikono miwili, akainama.

"Mayi iko?" mgeni akauliza.

"Mayi iko, Maman. Ila haipande."

"Basi mimi nitashuka."

Alilisema bila hasira, akicheka, lakini mimi nilitamani sakafu ile inayong'aa inimeze. Tulipanda ngazi na mabidoni ya maji. Chumbani alifungua valizi moja kutafuta sabuni, na kabla hajaifunga niliona vilivyokuwamo: pasi ya nguo, sufuria zilizoingizana kutoka kubwa hadi ndogo, saa ya ukutani iliyofungwa ndani ya kikwembe, na juu ya vyote mapazia, yamekunjwa vizuri, na pete zake bado ziko.

Niliondoka na mapazia yale kichwani. Nilikuwa nimewahi kusikia juu ya wasafiri wa hali ya juu ambao hawalali kwenye shuka lisilo lao. Bila shaka wapo pia ambao hawalali nyuma ya pazia lisilo lao. Sufuria zilikuwa ngumu zaidi, lakini nazo nikazipatia sababu: tumbo linalodhurika upesi. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimekwisha thibitisha kwamba profesa alikuwa na shaka na hoteli yangu hata kabla ya kuiona, na kwamba kwa hoteli hiyo nilikuwa nimeipoteza tasnifu.

"Amekuja na rido?" mama akasema nilipomsimulia. "Si ungemwambia kwetu rido ziko?"

Siku iliyofuata tulikwenda Lwiro. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyolowesha ila inayokaa juu ya nywele. Nilimpitisha mgeni kwenye majengo ya kituo, chini ya matao na kando ya bustani, nikimweleza mambo ambayo hakuyauliza, mpaka akanigusa bega na kusema, "Tuende kwa mayi yako." Kwenye bwawa alivua vile viatu, akaviweka juu ya jiwe, akapandisha kikwembe, akaingia mpaka kwenye magoti. Tonton, aliyekuwa amebaki kwenye ukavu kwa ajili ya abacost yake, aligeuka akatazama kwingine kwa heshima.

Aliniuliza maswali. Kwa nini nilikuwa nimepima upande ule na si huu? Wakulima wakikausha bwawa ili wapande viazi, mimea gani hurudi kwanza? Nani aliniambia majina ya Kimashi ya majani haya, na je, niliwauliza wanawake au wanaume? Yalikuwa maswali ya mtu aliyesoma kila ukurasa. Nilimjibu nikiandika, na katikati ya kuandika nikagundua kwamba sijafuta neno hata moja. Nikathubutu kufikiri: amekubali.

Wakati wa kurudi aliomba tusimame kwenye kona moja ambapo barabara inalifunua ziwa lote, pamoja na kisiwa cha Idjwi kikielea katika ukungu. Tonton akatoka kutazama magurudumu yake.

"Nimesoma kazi yako," profesa akasema. "Mara mbili."

Nikafungua daftari langu.

"Mu sura ya tatu unajibu batu benye hawakuuliza kitu. Unajua?"

"Najua, Maman."

"Upunguze. Ya ine ni muzuri. Ile ya ine, hata mimi ningependa kuwa niliiandika."

"Basi utaipokea?"

Alikuwa anatazama maji.

"Siwezi. Kesho navuka mto Ruzizi. Kule ng'ambo wamenipa masomo ya kufundisha. Sirudi."

Akili yangu, ambayo kwa kawaida hukimbia mbele ya kila jambo, safari hii ilitembea taratibu sana. Ilianza na mapazia. Ikapita kwenye pasi na sufuria. Ikafika mwishoni kwenye mwaliko wangu, ule niliouondolea kila neno la kulia.

"Na barua yangu, Maman?"

"Bila barua yako ningetoka na nini? Mutu mwenye valizi tatu, bila mission? Wangeniteremusha pale pale."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeandika vile uliandika?"

Nilifikiri kwa uaminifu. Nisingeandika vile. Ningeandika na kufuta, na hadi leo ningekuwa nafuta.

"Kasirika," akasema. "Lakini usikasirike sana. Kasirika kidogo. Ile sura ya ine nimeisoma kwa kuipenda, hakuna mutu alinituma."

Tonton alirudi akasema magurudumu ni mazima. Tukaendelea mpaka mjini. Ningependa kuandika kwamba nilikasirika, hata kidogo kama nilivyoruhusiwa; nadhani sikuwa na nguvu za kutosha. Nilikaa nikilinganisha mambo mawili: kwamba tasnifu yangu ilikuwa imetumika kama tikiti, na kwamba ilikuwa imesomwa mara mbili na mtu anayejua kusoma. Nilitaka moja lilifute la pili. Hayakufutana. Yalikaa ubavu kwa ubavu, kama abiria wasiosemezana.

Asubuhi ningeweza kubaki nyumbani. Tonton alikuwa amekwisha ahidi gari, na hakunihitaji. Lakini mgeni husindikizwa, hata yule ambaye hakukubali kupokewa, na desturi hiyo ilinisaidia kusimama na kuvaa. Tulishuka hadi darajani. Upande wa pili vilima vya Rwanda vilikuwa karibu mno, mtu aliweza kuona nguo zilizoanikwa.

Afisa wa kituo cha mpakani alizitazama valizi, akamtazama mwenyewe, akaitazama karatasi yake ya kuvukia, akamwita raia kwa Kifaransa kama tulivyoamriwa siku zile.

"Citoyenne, siku mbili ng'ambo, na mizigo hii yote?"

"Mwanamuke, chef. Unatujua."

Afisa alitabasamu, lakini hakuinua kizuizi. Akanigeukia mimi.

"Na wewe? Uko nani yake?"

Majibu ya kweli yalikuwa mengi. Mtu aliyemwandikia barua. Mtu aliyemchagulia hoteli isiyopandisha maji. Mtu aliyemwomba kitu akanyimwa. Kila jibu la kweli lilikuwa na swali jingine mgongoni, na nilimwona profesa akikaza vidole kwenye ile valizi ndogo. Sikujua kilichokuwamo ndani yake, na sijui hadi sasa. Nilijua tu kwamba kwa sekunde ile yeye ndiye aliyekuwa ananingoja mimi niamue.

"Mimi ni mwanafunzi wake," nikasema.

"Anakufundisha nini?"

"Mabwawa."

"Mabwawa!" Akapasuka kucheka, akamwita mwenzake asikie. "Hata mimi niko na bwawa nyuma ya nyumba. Nipeni basi diplome!" Akainua kizuizi. "Citoyenne, urudi mbio. Mutoto anakungoja."

"Ndiyo, chef."

Hakunishukuru, na nilifurahi kwamba hakunishukuru. Aliniinamia kichwa kidogo, kama wanavyofanya walimu mwanafunzi akitoa jibu ambalo si la kitabuni lakini linapita. Wachukuzi wa ng'ambo walikuja wakazibeba zile tatu. Nilimtazama mpaka kikwembe cha buluu kikachanganyika na nguo za watu wengine, na tonton akapiga honi taratibu, mara moja.

Mama alikuwa jikoni anachambua maharagwe. Hakuinua uso.

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Amekubali?"

Nilitafuta jibu lililo sahihi.

"Amesoma, mama. Amesoma yote."

"Kusoma, hata mimi ninasoma. Ninauliza kama amekubali."

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo. Nilikuwa nimelijengea utangulizi, sababu, na sehemu ya mwisho inayoacha mlango wazi.

"Hapana," nikasema.

Mama akaacha maharagwe. Akanisogezea kigoda kwa mguu, nami nikaketi.