Nassra haiamini taa ya kijani

Saa mbili na robo asubuhi, Nassra Ame Kificho anawasha redio ndogo sebuleni kwake Kiponda, anaiwekea maikrofoni isiyo na waya mbele yake juu ya kigoda, anaandika saa kwenye daftari, kisha anakwenda zake jikoni kumenya muhogo.

Sauti ya mtangazaji inamfuata huko huko, kwa sababu spika ameiweka karibu na jiko. Itasikika mpaka betri mbili zilizomo ndani ya maikrofoni ziishe. Kazi yake Alkhamisi hii ni kungoja ziishe.

Dirisha la ng'ambo ya kichochoro linafunguka. Ni jirani yake, Bi Time.

“Nassra, hiyo redio inamhutubia nani?”

“Shikamoo, Bi Time. Inaihutubia maiki.”

“Marahaba. Miye nkadhani ushapata mchumba mwenye maneno mengi.”

Nassra, mwenye umri wa miaka 34, ni fundi wa sauti wa shughuli za wanawake. Kwenye shughuli hizo mwanamume haingii, hata awe fundi wa namna gani. Spika ikikoroma, ni yeye. Waya ukichomoka, ni yeye. Kaka yake Sabri, anayeendesha kigari chao cha mizigo, safari yake huishia mlangoni.

Kwa shughuli moja hulipwa shilingi 80,000. Betri za kutupa zilikuwa zikimlia 10,000 kati ya hizo, na nyingine zilikuwa zimeshachoka tangu dukani. Mwezi uliopita alinunua Darajani chaja ya shilingi 15,000, pamoja na betri nne za kuchajiwa.

“Taa ikiwa kijani, zishajaa,” muuzaji, Nadir, alimwambia.

“Na taa nani kaiambia?” Nassra alimuuliza. Nadir alicheka. Nassra hakucheka.

Alikuwa na sababu. Miaka miwili iliyopita, kwenye harusi ya msichana mmoja wa Jambiani aitwaye Tahiya, bibi wa bi harusi alisimama kumsomea mjukuu wake utenzi alioutunga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyekula chumvi nyingi. Ubeti wa nne maikrofoni ikazima.

Nassra alitia betri mpya kutoka kwenye pakiti. Nazo zikazima. Maikrofoni ya waya ilikuwa ndani ya gari, nje, kwa Sabri. Aliporudi nayo mbio, bibi alikuwa ameshaketi, na wanawake walikuwa wamempigia vigelegele vya kumsitiri.

Bibi huyo alifariki mwaka uliofuata. Utenzi haukuwa umeandikwa popote. Tahiya alimfuata Nassra hadi Kiponda kumuuliza kama anakumbuka beti zilizobaki.

“Miye ndiye nliyekuwa karibu yake kuliko wote,” Nassra anasema, kisu kimesimama juu ya muhogo. “Na nlikuwa nimeinama nahangaika na betri. Sikusikia hata neno.”

Ndiyo maana chaja ya Nadir inachunguzwa kama kijana aliyekuja kuposa.

Siku ya kwanza betri mbili zilimpa saa tano na dakika kumi, naye akafurahi. Siku ya pili betri nyingine mbili, kutoka chaja ile ile na baada ya taa ile ile ya kijani, zilikata baada ya saa mbili na dakika ishirini.

Alizipima upya, akizibadilisha moja moja, mpaka akamjua mwizi: betri moja kati ya nne ilikuwa dhaifu, na kila iliyowekwa pamoja nayo iliangushwa. Alikuwa akizichanganya mwenyewe, zote kwenye mfuko mmoja. Alitafuta piko, rangi nyeusi ya kuwachorea maharusi, lililobaki kwenye shughuli, akazitia nukta zile nzuri mbili za siku ya kwanza ili zisiachane tena. Ile dhaifu aliipeleka kwenye saa ya ukutani, ambayo haina haraka.

La taa alilijua siku umeme ulipokatika. Betri zilikuwa karibu kujaa. Umeme uliporudi, taa ilibaki nyekundu saa nane nzima, na betri zikawa moto hata hazishikiki.

“Taa haijui kama zimejaa,” anasema. “Inahesabu saa tu. Umeme ukikatika inasahau, inaanza moja.”

Saa saba na dakika ishirini na tano mchana, mtangazaji anakatika katikati ya neno. Nassra anaangalia daftari. Saa tano na dakika kumi, sawasawa na mara ya kwanza. Hapo tu ndipo anapotabasamu.

Jumamosi ana shughuli Chwaka, na huko yupo Bi Zeyana, mwenye umri wa miaka 84, aliyemtungia mjukuu wake utenzi. Wanasema sauti yake haivuki mkeka.

Ijumaa saa mbili asubuhi betri za nukta zinaingia kwenye chaja. Saa sita mchana umeme unakatika. Unarudi saa saba. Nassra anahesabu: saa nne zimepita, zimebaki nne. Saa kumi na moja jioni anazichomoa, anazigusa kwa mgongo wa kiganja, anazifunga kwenye kitambaa.

“Taa bado nyekundu,” Sabri anamwambia.

“Naiona.”

“Kesho zikikata utasemaje?”

“Ntasema nlikosea miye. Sitasema taa ilinidanganya. Nishajua kwamba haijui.”

Usiku huo, anakiri, hakupata usingizi wa maana.

Jumamosi Chwaka, Bi Zeyana anaketishwa kati ya wanawake, na Nassra anapiga goti pembeni yake. Safari hii hashiki kitu. Maikrofoni ya waya iko tayari miguuni pake, lakini macho yake yako kwenye mdomo wa bibi. Utenzi unakwenda beti arubaini na moja. Hakuna neno linalopotea. Mwishoni Nassra ndiye anayelia, na bi harusi ndiye anayempa leso.

Wakati wa kurudi, Sabri anaendesha mpaka Dunga. Kisha, macho barabarani, anasoma polepole:

“Mwanangu nakuambia,
huko wendako tulia,
na siku ukiumia,
kwenu mlango u wazi.”

Nassra anamgeukia. “Umeusikia wapi?”

“Nje, kwenye spika. Sote tumeusikia. Baba yake bi harusi kaacha sahani yake ya pilau, kenda kusimama ukutani.”

Nassra anafungua kitambaa, anaziangalia zile betri mbili zenye nukta.

Wiki ijayo ana harusi Fumba, na ameshaambiwa kwamba bi harusi ana bibi wawili, wote wawili watunzi, na hawasemezani.

“Kila mmoja atataka kuwa wa mwisho,” anasema. “Saa tano hazitoshi. Jumatatu nnakwenda kwa Nadir kuchukua chaja ya pili na betri zake. Na hiyo nayo ntaipima.”