Viti vya Mjomba Vilikuwa Havijakauka

Viti vilifika Gitega bila gari. Nikisimulia, hapo ndipo watu wanaponikatiza na kucheka. Mjomba wangu, kaka yake mama, anakaa Muyinga na anauza nafaka. Mwaka ule mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani, na lita chache alizozipata, zilizoletwa kwa baiskeli kutoka upande wa Giteranyi, mpakani, alikuwa amezificha kwenye bidoni kwa ajili ya siku moja tu: siku ya harusi ya binti yake. Hakuwa tayari kuzimaliza kwa safari ya kuniletea gari. Kwa hiyo alifungua viti vyote, viwili vya mbele na kile kirefu cha nyuma, akavifunga kamba juu ya lori la maharage, akampa dereva namba yangu. Vilishushwa mlangoni kwetu vikiwa na vumbi jekundu na punje za maharage kwenye mikunjo.

Mimi kazi hii ya kupaka ngozi rangi sikufundishwa na mtu. Niliiokota kwenye simu, video moja baada ya nyingine, nikirudisha nyuma mara ishirini pale ambapo mkono wa fundi ulikuwa unapita haraka. Nilikuwa nimebadilisha rangi ya viatu, mikoba, kiti cha pikipiki, na sofa moja ya mwalimu jirani yetu. Picha ya ile sofa niliipiga mara kumi na moja kabla ya kuituma kwa jamaa, na mjomba ndiye aliyeijibu kwanza. Alinipigia simu palepale.

“Mjomba,” alisema, maana sisi wawili tunaitana hivyo, mkubwa kwa mdogo, “viti vyangu vimekuwa kama miguu ya kuku. Bibi harusi atakaa wapi? Fanya viwe rangi ya kahawa iliyokaangwa. Mi nakuamini.”

Neno hilo la mwisho lilinikosesha usingizi kuliko kazi yenyewe.

Nilikuwa na wiki tatu. Katika nyumba hiyohiyo, mama yangu alikuwa anashona gauni la huyo bibi harusi. Cherehani yake ilikuwa barazani, viti vyangu uani chini ya bati, na kati yetu kulikuwa na hatua sita. Kitambaa cheupe upande mmoja, rangi ya kahawia upande wa pili. Mama alitandika mkeka katikati akasema huo ndio mpaka, na kwamba nikiuvuka na mikono ile atanirudisha darasa la kwanza.

Wateja wake walipokuja kupimwa nguo walikuwa wanakwenda moja kwa moja kukaa kwenye viti. Mmoja alishika usukani wa hewa akaniambia, “Dereva, mi nashukia Bujumbura.” Wenzake wakapanda nyuma. Nilicheka nao, kisha walipoondoka nikatandaza vipande vya msasa kwenye viti, upande wenye makali ukiwa juu. Hakuna aliyekaa tena. Mama aliona, akatikisa kichwa, akaendelea kukanyaga cherehani.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unaosha ngozi mpaka maji ya sponji yatoke safi. Unaipitishia msasa laini, unaziba nyufa, unapiga msasa tena. Halafu unapaka rangi kwa sponji, nyepesi sana, unasubiri, unapaka tena, safu tano au sita. Mwisho kabisa unapaka verni, ambayo haina rangi yoyote, lakini ndiyo inayoifunga rangi isihamie kwenye nguo za watu. Verni niliyokuwa nayo ilitaka siku saba za kukauka kabla mtu hajakaa. Niliyajua hayo kama ninavyojua jina langu. Niliyaandika ukutani kwa makaa.

Siku ya kumi na mbili nilikuwa nimemaliza. Natamani ningeishia hapo. Asubuhi iliyofuata jua lilitoka kidogo, nikaona kwenye kiti cha nyuma, karibu na mshono wa kushoto, sehemu ya ukubwa wa kiganja iliyokuwa imekoza kuliko nyingine. Nilimwita mama aangalie. Alisimama upande wake wa mkeka, akakunja macho.

“Mi naona rangi moja,” alisema.

“Angalia vizuri, mama. Hapa.”

“Nani atapima? Watu wanakwenda kula pilau.”

Nilijaribu kuiacha. Nilizunguka uani, nikaosha brashi zilizokuwa safi, nikarudi kuangalia. Kila nikirudi, kile kiganja kilikuwa kimekua. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeshika diluan, ile dawa inayoyeyusha rangi, na ninakivua kiti chote cha nyuma, kwa sababu ukirekebisha kipande kimoja, ukingo wake unaonekana. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilipoanza kukivua nilisikia raha, kama mtu anayekuna kidonda.

Halafu mvua ikaanza. Gitega ikiamua kunyesha kuna baridi inayoingia hata kwenye unga, na rangi ambayo ingekauka kwa saa moja ilitaka nusu siku. Nilipopaka verni ya mwisho kwenye kiti cha nyuma, zilikuwa zimebaki siku nne kufika harusini. Nilifuta maandishi ya makaa ukutani kwa mkono wangu, kana kwamba ukuta ndio ungenishtaki.

Mjomba alikuwa anapiga simu kila asubuhi. “Iko namna gani?” Siku zote nilimjibu kwa maelezo marefu. Asubuhi hiyo nilijibu kwa neno fupi. Nilisema, “Iko tayari.” Nilimsikia akimgeukia mtu aliye pembeni yake na kusema, unasikia, iko tayari, na watu wawili watatu wakacheka kwa furaha. Baada ya hapo ningewezaje kumpigia tena?

Tulikwenda Muyinga Alhamisi kwa lori, kwa njia ya Karuzi. Mama alikaa mbele na dereva, gauni likiwa mapajani ndani ya shuka. Mimi nilikaa nyuma na viti, nikiliinua turubai kwa mikono miwili lisiguse ngozi. Kila kona nilikuwa naomba. Sikuomba tufike salama, niliomba turubai lisidondoke.

Ijumaa asubuhi nilivifunga viti garini, nikakaza kila bolti mara mbili. Mjomba alipitisha mgongo wa mkono kwenye kiti cha mbele, taratibu. “Hii si gari yangu,” alisema, kisha akatoka kwenda kuwaita majirani waje kuiona. Walikuja, wakasimama mbali kidogo kama nilivyowaomba. Niliwaambia wote, na hasa mke wa mjomba, ambaye ndiye anayeendesha nyumba ile: madirisha yaachwe wazi, asikae mtu, asiguse mtu. Aliniuliza kwa nini. Hapo nilikuwa na nafasi. Mbele yangu alisimama mwanamke mwenye akili, aliyekuwa anapanga sahani na matandiko ya wageni mia bila kuandika popote. Ningemwambia verni haijakauka angefanya lolote nililotaka.

Nikasema, “Ni ile harufu ya rangi tu, mama. Tunataka itoke.”

Nikaenda kuoga, nikaenda msikitini kuswali Ijumaa.

Niliporudi, madirisha yote ya gari yalikuwa yamefungwa, na ndani kulikuwa kweupe kwa moshi. Nilidhani linaungua. Nilipofungua mlango wa nyuma, moshi wa udi ulinipiga usoni, na chini, kati ya kiti cha mbele na cha nyuma, juu ya sinia, kulikuwa na chetezo kimejaa makaa mekundu. Mke wa mjomba alitokea jikoni akifuta mikono, akitabasamu.

“Nimekusaidia,” alisema. “Harufu ya dawa yako imekwisha kabisa. Bibi harusi ataingia kwenye gari inayonukia kama chumba chake.”

Nani wa kumlaumu? Kwao, kama kwetu, nguo za bibi harusi zinafukizwa, kitanda kinafukizwa, nywele zinafukizwa. Nilimwambia tatizo ni harufu, naye akaleta dawa ya harufu, tena udi mzuri aliokuwa ameuweka tangu Ramadhani.

Nilimshukuru. Nilitoa chetezo, nikakiweka chini, nikagusa kiti cha nyuma kwa ncha ya kidole. Kidole kilishika. Nilipokivuta, verni ilikuja nacho kama ulimbo, ikarudi, ikaacha alama zote za kidole changu. Joto lilikuwa limeifungua. Nilitoa leso nyeupe mfukoni, nikaigandamiza kwenye ngozi nikihesabu hadi tatu. Ilitoka na rangi ya kahawa iliyokaangwa, ileile aliyoiomba mjomba.

Nilijaribu kupepea kwa mfuniko wa sufuria. Nilipepea mpaka mabega yakawaka. Mtu alipita akauliza kama nachoma mishikaki.

Mwishowe nilikwenda kumwambia bibi harusi mwenyewe. Alikuwa kwenye mkeka chumbani, mikono na miguu imejaa hina mbichi, ameinyoosha mbele kama mtu aliyebeba kitu kisichoonekana, na rafiki yake anamlisha maandazi. Nilimwomba rafiki atupishe. Nikamwambia yote: kiganja, mvua, siku nne, udi.

“Baba anajua?” aliuliza.

“Bado, dada.”

“Basi usimwambie. Amezunguka mtaa mzima akisema gari imekuwa mpya.” Aliangalia viganja vyake. “Mi mwenyewe nimekatazwa kugusa kitu mpaka hii ikauke. Na gari nayo ikae. Kesho tandika kanga, mi nitakaa wima kama sanamu.”

Alisema kwa utani, na nikaushika utani ule kana kwamba ni dawa.

Jumamosi nilitandika kanga nene mbili, moja ya kukalia na moja ya kuegemea, nikazibana kwa pini za mama. Mama aliniuliza pini za nini. Nikamwambia za kupendezesha. Bibi harusi aliingia na wifi yake mtarajiwa, gauni likajaa kiti chote. Lilikuwa limekaa mwilini mwake vizuri mno. Mshono mmoja wa begani ulikuwa umepinda kidogo, mimi peke yangu niliuona, na mama alikuwa ameuacha hivyo kwa makusudi ili amalize mapema.

Mimi nilikaa mbele pembeni ya mjomba. Kutoka nyumbani hadi ukumbini ni mwendo mfupi, lakini kuna mlima. Mjomba aliuchukua polepole, akipiga honi, mkono nje ya dirisha, watu wakiimba pande zote mbili za barabara. Bibi harusi aliinama dirishani kuwapungia. Nilikuwa namwangalia kwenye kioo. Niliona pini ya kwanza ikifyatuka. Niliona kanga ya kuegemea ikiteleza, inchi kwa inchi, ikaanguka nyuma ya kiuno chake. Gari lilipopanda, mzigo wote ukarudi nyuma, na yeye, akicheka, akaegemea.

Nilifungua mdomo. Ningesema tu, dada, kaa mbele. Maneno matatu. Lakini mjomba alinigeukia, uso wote unang’aa, akaniambia hajawahi kuendesha gari zuri kama hili maishani mwake. Nikafunga mdomo.

Aliposhuka nilisikia ngozi ikimwachia, sauti ndogo kama plasta inayovuliwa. Alitembea kuelekea mlangoni na wote wakamfuata, nami nikiwa nyuma yao. Kwenye bega la kulia, pale mfupa unapotokeza, kulikuwa na doa la kahawia. Nilihesabu wanawake waliokuwa wanaliona. Walikuwa kama watano, na mmoja wao alikuwa mama yangu. Hakuniangalia. Alivua mtandio wake wa sherehe, akapita mbele ya watu, akamfunika bibi harusi mabega kana kwamba ndivyo ilivyopangwa, akampangia mikunjo. Mama alikaa ukumbini mpaka mwisho akiwa na kitambaa cha kawaida alichokiomba kwa mtu.

Tulirudi Gitega na gauni, mama akalifua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa sabuni tena. Nilisimama upande wangu, ingawa mkeka ulikuwa umeshaondolewa.

“Ungesema tu haijakauka,” alisema bila kuinua kichwa kwenye beseni. “Tungetandika blanketi zito. Tungeazima gari la mtu. Hakuna mtu angekuua.”

Mjomba, kwa upande wake, hana habari. Ananiambia kwenye simu kwamba kiti cha nyuma kimekuwa kigumu sasa, na kwamba nyuzi za kanga zimeganda humo moja kwa moja, hata ua lake linaonekana ukiinama. Anasema ni ukumbusho mzuri. Nilimwomba avitume tena nivivue upya. Amekataa, na gari limesimama, halina mafuta ya kuja Gitega.

Gauni liko kwenye sanduku la mama. Hajaniruhusu kuligusa. Amenipa mabaki ya kitambaa kilekile, mfuko mzima, nami ninayachafua kwa ile rangi, ninaacha yakauke siku saba kamili, ninajaribu diluan, spiriti, maziwa. Kila mara doa linatoka na kuacha duara hafifu, ambalo mama angesema halionekani. Jana aliacha cherehani, akaniuliza kutoka barazani, “Iko tayari?”

Nilikiinua kile kipande juani, nikakigeuza.

“Bado,” nikamwambia.