Pamba Masikioni mwa Ataa Lankai

Saa moja asubuhi, Ataa Lankai amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya ukoo wake, Bukom, jijini Accra. Ana sindano ya kushonea ngozi mkononi na glavu kuukuu ya ngumi mapajani. Glavu hiyo haina mwenyewe. Aliishona jana, akaifumua, na leo anaishona tena.

"Mkono ukikaa bure unasahau kazi," anasema.

Mwaka jana wakati kama huu, glavu zilimrundikia hadi magotini. Kila kituo cha ngumi hapa mtaani kilimletea za kushona, na kwa wiki hakukosa sedi mia tatu. Sasa ni wiki ya saba hajaletewa hata moja.

Jina lake kamili ni Emmanuel Lankai Quarcoo, "Ataa" ni heshima anayopewa mzee, na ana miaka sitini na miwili. Siku za kawaida ni fundi glavu. Jumamosi za mapambano huvaa shati jeupe na kukaa pembeni ya ulingo, mmoja wa majaji watatu wanaotoa pointi. Kazi hii ya pili ndiyo iliyoiua ile ya kwanza.

Mwezi Aprili, bondia wa mtaa huu, Ayikwei Odoi, alikuwa akitetea mkanda wake wa uzito wa juu wa Afrika Magharibi dhidi ya Fuseini Abdulai wa Tamale. Zilipigwa raundi zote kumi na mbili. Jaji wa kwanza akampa Odoi ushindi, wa pili akampa Fuseini. Ikabaki karatasi ya Ataa Lankai: Fuseini 114, Odoi 113. Mkanda ukapanda basi kwenda Tamale.

Picha za karatasi zile zilisambaa kwenye simu kabla hata ulingo haujafunguliwa, na macho yote yakatua kwenye raundi ya saba. Majaji wenzake walimpa Odoi tisa. Yeye alimpa nane, pointi za bondia aliyeangushwa. Angeandika tisa, pambano zima lingekuwa sare, na sare humwachia bingwa mkanda wake.

Ubishi haujaisha hadi leo, ila sasa unafanywa kwa sauti ya chini. Huu ni mwezi wa kutopiga kelele kabla ya Homowo, sikukuu ya mavuno ya hapa, ngoma zote zimefungiwa, na kwa mtu wa Bukom kubishana ngumi kwa kunong'ona ni mateso makubwa. Hatua ishirini kutoka kigoda cha mzee, kwenye meza ya Naa Korkor, mama mzazi wa Odoi, anayeuza samaki na kenke, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa na kufungwa majani, wanaume wawili wanateseka hivyo tangu alfajiri.

"Alianguka baada ya kengele," anasema Kocha Tawia, aliyemfundisha Odoi, akimenya kenke yake. "Refa akapunga mikono, hakuhesabu. Mtoto wa chekechea angeliona hilo."

"Basi mzee kalishwa," anajibu Okine, dereva wa teksi. "Elfu ishirini, haipungui."

"Ishirini? Kwa mkanda mzima? Mbona unamuuza Ataa bei ya mbuzi?"

"Haya, sema thelathini."

"Mnabishania bei ya nini nyie?" Naa Korkor anawakata bila kuinua macho kwenye samaki. "Mwanangu alilipwa elfu arobaini na tano. Meneja kachukua theluthi, kocha huyu hapa kachukua yake, jicho likala iliyobaki hospitali. Fuseini anakwenda Ulaya kupigana kwa laki nne. Hesabu ni hiyo. Kuleni muondoke."

Kocha anainamia kenke yake.

Kwa zaidi ya miaka ishirini, Naa Korkor alimpelekea jirani yake kenke mbili na samaki kila asubuhi, naye mzee alishona glavu za Odoi bure tangu kijana ana miaka tisa. Tangu Aprili mzee ananunua kenke mtaa wa pili. Anasema ni chachu mno, lakini anaila.

"Miezi mingine kelele hufunika," anasema kwa sauti ya chini, akitikisa kichwa kuelekea ile meza. "Mwezi huu nasikia kila neno."

Kisha anatoa mfukoni mwa shati kikopo kidogo cha bati. Ndani yake mna pamba.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, Ataa Lankai alimpa ushindi bondia wa Bukom dhidi ya kijana wa Cape Coast. Alipokuja kuuangalia mkanda wa video, aliona nusu ya ngumi za mtu wa Bukom ziliishia kwenye mikono ya mpinzani. Watu walikuwa wakipiga sinia za samaki na kupuliza matarumbeta, naye akawa anaandika kelele zao. Kijana wa Cape Coast hakupanda ulingoni tena. Tangu hapo, kila Jumamosi ya pambano, Ataa Lankai huziba masikio kwa pamba na kuacha macho yafanye kazi.

Jambo hilo lilimpa heshima. Mabondia wa kutoka mbali walimwita Jaji wa Pamba, na walifurahi kumwona amekaa pale mezani. Anakiri alilipenda jina hilo kuliko ujira wenyewe, ambao kwa pambano la Aprili ulikuwa sedi elfu moja na mia tano.

Wiki tatu za mwanzo alikataa katakata kuliangalia pambano lile. Siku ya ishirini na mbili, binti yake akamwekea kwenye simu, sauti juu.

"Kengele ikalia," anasema. "Ndipo ngumi ikatoka. Odoi alikuwa ameshusha mikono kwa sababu aliisikia. Uwanja mzima uliisikia. Mimi nilimwona anaanguka, nikainama kuandika. Refa anapunga mikono, mimi bado nimeinama. Nilipoinua kichwa, karatasi ilishachukuliwa."

Muda wa kukata rufaa ulikuwa siku kumi na nne.

Kwa nini hakusema hata baada ya hapo? Mzee anakizungusha kikopo chake. "Aibu," anajibu. "Mla rushwa watu wanajua la kumfanya. Jaji asiyesikia kengele wanamcheka mpaka afe."

Hilo halimsafishi. Wiki nne amekaa na ukweli huu mfukoni, hatua ishirini kutoka kwa mama wa kijana aliyemnyang'anya mkanda. Anajua hivyo, na ukimtazama usoni huna haja ya kumkumbusha.

Saa tatu kasoro, kivuli kinamfunika. Ni Odoi mwenyewe, mtu wa kilo mia na kumi, jicho la kushoto bado limevutwa na kovu. Anaweka glavu chini. Mwezi ujao anapigana Kumasi kwa sedi elfu nane.

"Ataa, imefumuka kwenye dole gumba."

"Kaa kidogo, mwanangu."

"Sikai." Anatazama pembeni. "Niambie kitu kimoja tu. Walikupa ngapi? Sikupigi. Nataka nijue."

Mzee anaweka sindano chini, anakifungua kikopo, anamwonyesha.

"Sikupewa hata peni. Sikusikia kengele."

Odoi anaitazama pamba. Kule kwenye meza ya kenke vichwa vimegeuka. Katika mwezi huu hakuna neno linalopotea njiani. Naa Korkor ameshika kisu cha samaki, hakati.

"Afadhali ungekula hela, Ataa," Odoi anasema taratibu. "Ungehongwa, ningejua kuna mtu aliogopa nitashinda."

Anageuka na kuondoka. Glavu ameiacha.

Ataa Lankai anaitazama glavu aliyoachiwa. Machozi yanamtoka na hayafuti. Kisha anaeleza anachokusudia. Wiki hii binti yake atamwandikia barua kwa wasimamizi wa ngumi, ya kueleza yote na kurudisha kibali chake cha ujaji. Mkanda haurudi, hilo analijua.

Na asubuhi baada ya Homowo, wakati watu wa mji huu wanapopita nyumba kwa nyumba kusalimiana na waliokosana kupatana, ataanza na mlango wa Naa Korkor, kabla ya ndugu zake wa damu.

Lakini si ameshasema leo, na mama amesikia?

"Leo niliulizwa," anajibu. "Siku ile nitasema bila kuulizwa."

Na asipofunguliwa?

"Nitabisha tena. Akiniambia niondoke, nitamsikia."

Anaichukua glavu ya Odoi, anashindilia pamba yote ya kikopo kwenye dole gumba, na kuanza kuishona. Kule mezani Naa Korkor amerudi kukata samaki. Hadi saa sita mchana mzee hajaletewa kenke.